Ofisi ya ubunifu inayoendeshwa kwa undugu na urafiki: hasara inaingilia wapi hasa?

mafiati_picha:

Wakuu, salaam kutoka Mbeya.

Nauliza kuhusu ofisi ndogo ya picha na video za sherehe, kadi za mialiko, mabango na kurekodi kwaya. Iko na watu wanne na wote wana uhusiano. Wabia wawili ni marafiki wa tangu sekondari, mhariri wa video ni mdogo wa mmoja wao, na fedha anashika mke wa yule mwingine. Zaidi ya nusu ya wateja nao wanapita mlango huohuo: shemeji, msharika mwenzetu, jirani wa Sae, rafiki wa mjumbe wa kamati ya harusi. Kazi hazikauki, ila fedha haikai.

Tafadhali msiniambie "usifanye biashara na ndugu". Kwa mji wetu, ukiwatoa wote wanaokujua, Jumamosi utashinda ofisini ukifuta lenzi. Ninachotaka ni kujua kwa hesabu na kwa maandishi: punguzo la kishikaji linakula nini, picha na nyimbo ni mali ya nani kama hakuna kilichoandikwa, na wabia marafiki wanatakiwa kukubaliana nini kabla mambo hayajaharibika. Mwenye uzoefu wa kazi hizi au wa mahesabu yake aje na tarakimu.

---

hesabu_gangilonga:

Kamwene mkuu. Nianze na punguzo kwa sababu ndilo linaloonekana dogo.

Chukua mfano wa sherehe moja ya siku nzima. Kamera mbili, lenzi na taa zenye thamani ya sh 7,200,000 zitumike miaka 3, kazi 40 kwa mwaka, yaani kazi 120. Kila kazi inabeba sh 60,000 ya uchakavu. Wapiga picha wawili kwa sh 50,000 kila mmoja ni 100,000. Uhariri siku 4 kwa sh 25,000 ni 100,000. Usafiri ndani ya jiji 30,000. Uhifadhi wa faili 20,000. Pango, umeme na bando vikiwa 400,000 kwa mwezi, ukigawa 4,800,000 ya mwaka kwa kazi 40 unapata 120,000. Jumla ni sh 430,000, na hapo mwenye ofisi bado hajapata chochote.

Ukitoza 600,000 faida ni 170,000. Sasa shemeji anaomba 20%. Unapokea 480,000, na faida imeshuka hadi 50,000. Yaani umepunguza moja ya tano ya bei lakini umetoa zaidi ya theluthi mbili ya faida. Utahitaji kazi tatu na nusu za aina hiyo ili kupata faida ya mteja mmoja asiyekujua. Ukimpa 30% unapokea 420,000, hapo umelipa 10,000 kutoka mfukoni ili umpige picha.

Ofisi nyingi hazioni hasara hii kwa sababu uchakavu wa kamera hautoki mfukoni siku ya sherehe. Unatoka siku shata, ile sehemu ya kamera inayofunguka na kufunga kila picha, inapokufa. Siku hiyo mtu anakwenda kukopa, halafu anasema biashara ya picha hailipi.

Ninavyoshauri, punguzo litoke kwenye faida tu, lisiguse gharama. Ndugu wa tumbo moja na wazazi msamehe faida yote ukitaka, walipe 430,000. Wengine wote mwisho 10%. Na ankara iandikwe bei kamili kwanza, 600,000, kisha mstari wa chini "punguzo la familia", kisha anacholipa. Bila mstari ule, atamwambia rafiki yake kuwa ninyi ni wa 430,000, na rafiki yake atakuja na hiyo bei kichwani kama haki yake. Bei ya undugu huvuka kwenda kwa watu ambao si ndugu kwa njia hiyo hasa.

---

kamera_tukuyu:

Naunga mkono hesabu ya hapo juu, lakini naona punguzo ni tatizo la pili. La kwanza ni kazi isiyo na mipaka. Mteja asiyekufahamu anaogopa kukusumbua, lakini binamu haogopi. Atataka wimbo ubadilishwe, kisha shangazi aongezwe, kisha mwalikwa fulani aondolewe, halafu video irudi ilivyokuwa mwanzo. Kila mzunguko ni siku ya mhariri, 25,000 kwa mfano wa ndugu yangu wa Gangilonga. Ile faida ya 50,000 iliyobaki baada ya punguzo inakwisha kwa mizunguko miwili tu.

Kwa hiyo karatasi ya kazi ni ya lazima hata kwa mama mzazi. Ukurasa mmoja unatosha. Aandikwe anayelipa, ambaye mara nyingi si anayeoa. Saa ya kuanza na kumaliza, kwa mfano saa 4 asubuhi hadi saa 5 usiku, na bei ya kila saa inayozidi. Idadi ya picha zitakazohaririwa. Urefu wa video: mfano, moja ya dakika 90 na fupi ya dakika 5. Marekebisho mawili, na yote yaletwe kwa maandishi mara moja, na mtu mmoja aliyetajwa jina. Tarehe ya kukabidhi. Malipo 60% kabla ya siku yenyewe na 40% kabla ya faili kutoka ofisini. Hiyo 40% ndiyo inayopotea zaidi kwa ndugu, kwa sababu fleshi inatolewa kwanza na deni linabaki kwenye maneno.

Suala la Jumamosi nalo ni zito kuliko punguzo. Bidhaa ya mpiga picha wa harusi ni Jumamosi, na hizo ni 52 hivi kwa mwaka. Toa za Kwaresima, ambazo makanisa mengi hayafungishi ndoa, na toa zile za masika ambapo barabara za vijijini huku Rungwe na Kyela zinawakatisha watu tamaa ya kufanya sherehe. Zinazobaki zinagombaniwa. Ndugu anasema "tarehe 14 niandikie", haweki fedha, unamkataa mgeni aliyekuja na advansi mkononi, halafu ndugu anasogeza harusi wiki mbili mbele. Anayeshika tarehe awe mwenye kianzio, basi. 30% ikiingia, tarehe imefungwa. Kabla ya hapo daftari linaandikwa kwa penseli.

Jambo la michango watu hawalizungumzi. Ukiwa ndugu wa bwana harusi unapewa kadi ya mchango kama wengine, na hapohapo unaombwa punguzo. Umechangia mara mbili na daftari la kamati linaonyesha hujatoa kitu. Nenda kwa mweka hazina kabla kikao cha mwisho hakijakaa, mwombe aandike punguzo lako kama mchango: "fulani, sh 100,000, kwa kazi ya picha". Kamati itakulipa bei kamili toa hiyo laki. Posho ya wapiga picha wako usiiguse kabisa, wao hawana shemeji pale.

Kuna pia cha juu. Mjumbe aliyekuleta kwenye kamati anataka chake, na kwa kuwa ni rafiki hakisemwi mpaka siku ya malipo. Weka kiwango kinachojulikana, mfano 5% kwa yeyote anayeleta kazi, kilipwe baada ya malipo yote kuingia, na kiandikwe kwenye daftari la matumizi. Akitaka kikubwa zaidi kwa kupandisha bei ya kamati kwa siri, kazi hiyo iache. Mwenyekiti akigundua, jina litakalochafuka ni la ofisi.

Uhifadhi usiupuuze. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 750, saa moja ni gigabaiti 45. Kamera mbili zikirekodi saa 5 kila moja ni gigabaiti 450, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inajaa kwa harusi mbili. Ndugu anaamini utamtunzia milele. Andika siku 90, kisha inafutwa, na mtumie ujumbe siku ya 75. Anayetaka zaidi alete diski yake.

---

biti_za_uyole:

Niingie upande wa muziki, maana umetaja kwaya.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ulinzi unaanza pale kazi inapoumbwa, hauhitaji muhuri wa ofisi yoyote. Kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia kwenye ushahidi. Haki za kiuchumi zinahama kwa maandishi. Kwa hiyo rafiki aliyekutengenezea biti, yaani mdundo na ala za wimbo, bure kwa sababu mnashinda wote maskani hajakupa umiliki wa kitu chochote. Amekuachia utumie, na hata mipaka ya kutumia haijulikani. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nasisitiza hiyo 50 kwa sababu urafiki unaweza kudumu hadi kaburini, ila warithi wake hawakuwemo kwenye urafiki huo. Watakuja na hati ya mirathi.

Karatasi ya mgao ijazwe usikuuleule wa kurekodi, kabla faili haijatoka studio. Tenganisha vitu viwili. Kwanza utunzi: maneno na sauti asilimia ngapi, biti asilimia ngapi, jumla 100. Pili rekodi yenyewe: aliyegharamia studio asilimia ngapi, msanii asilimia ngapi, jumla 100 nyingine. Watu wakichanganya hizo mbili ndipo prodyuza anadai nusu ya kila kitu na msanii anasema alishamlipa. Weka majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la kisanii pembeni, saini na tarehe. Kila mtu apige picha ya karatasi.

Mkubaliane pia nani anakaa na faili za mradi. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 40, yaani kila sauti au ala kwenye faili lake la WAV la mono, kwa ubora wa biti 24 (hizi za kompyuta, si mdundo) na kilohezi 48, unakula karibu gigabaiti 1.4. Si nyingi. Msanii apewe nakala ya njia zote siku anapomaliza malipo. Studio nyingi za marafiki hazifanyi hivyo, na siku wanapokosana msanii hawezi hata kupata ala tupu za kuimbia jukwaani.

Kwaya ndiyo ngumu kuliko bongo fleva. Nyimbo nyingi za kwaya za huku Mbeya zimetungwa na mwalimu wa kwaya au mwanakwaya mmoja, usharika umechanga fedha za kurekodi, na ofisi inafanya kazi kwa bei ya kumtumikia Mungu. Mwalimu akihamia usharika mwingine anaondoka na nyimbo, na kwaya inaendelea kuuza video. Kila upande una haki ya sehemu yake na hakuna aliyeandika. Kwa hiyo makubaliano yasainiwe na mwenyekiti na mweka hazina wa kwaya, si mwalimu peke yake, na kuwe na mstari unaosema mtunzi anabaki na utunzi wake, kwaya inamiliki rekodi, na studio haina sehemu baada ya kulipwa. Kama studio imepunguza bei ili ipate sehemu ya mapato, iandikwe asilimia na iandikwe inaisha lini.

Halafu chaneli ya YouTube. Utakuta imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja anayejua mitandao, rafiki wa kwaya. Ikifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 inaweza kuanza kuingiza fedha za matangazo, na fedha hizo zinakwenda kwenye akaunti ya malipo yenye jina lake. Ifunguliwe kama chaneli ya taasisi, yenye wamiliki zaidi ya mmoja. Kumfanya mtu kuwa mmiliki mkuu kunahitaji awe amekaa siku 7 kama mmiliki wa kawaida, kwa hiyo msingoje siku ya ugomvi. Tovuti nayo ni vilevile: jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina la ofisi au kwaya, si la fundi aliyewasaidia.

---

mafiati_picha:

Ndaga fijo wakuu, la daftari la michango sikuwa nimelisikia popote. Naomba sasa mtu agusie ndani ya ofisi: mdogo mtu anayehariri na mke anayeshika fedha. Na wabia wenyewe. Jina la biashara limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina la mmoja, kamera ni za mwingine.

---

mkataba_njombe:

Hapo mwisho ndipo pa kuanzia. Ubia Tanzania unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kama hamjaandikiana, wabia wanagawana faida sawa na kubeba hasara sawa, na deni la ubia linaweza kudaiwa kwa yeyote kati yenu. Aliyeleta kamera za milioni saba na aliyeleta jina na maneno matamu wanahesabika sawa mpaka mthibitishe vingine. Na mwenye jina BRELA ndiye wateja na TRA wanayemjua.

Andikeni makubaliano ya kurasa mbili tatu. Orodha ya vifaa, namba ya utambulisho (serial) ya kila kamera na lenzi, thamani ya leo, na kama ni mali ya ubia au imekodishwa kwa ubia. Nashauri kukodisha: mwenye kamera alipwe ile 60,000 ya uchakavu kila kazi, kabla ya faida kugawanywa. Hapo hakuna anayesema mwenzake anakula jasho lake. Posho ya kila mbia kwa kazi aliyofanya iwe tofauti na faida ya mwisho wa mwezi. Wabia marafiki wanachanganya hivi viwili, na matokeo yake anayekesha kwenye uhariri na anayekuja ofisini saa 5 wanapata sawa, na hakuna anayethubutu kulitaja kwa sababu walilala bweni moja.

Mlango wa kutokea uandikwe sasa, mkiwa mnapendana. Taarifa ya siku 60. Vifaa vya ubia vithaminishwe na fundi au muuzaji wa vifaa asiye rafiki wa upande wowote. Anayebaki analipa kwa awamu zilizotajwa, mfano sita. Jina la ofisi linabaki kwa nani. Kumbukumbu za picha za miaka yote zinabaki kwa nani, na anayeondoka anaruhusiwa kuonyesha zipi kama kazi zake. Kurasa za mitandao na namba ya WhatsApp ya ofisi ni mali ya nani. Kwa ofisi ya ubunifu namba ya simu ina thamani kuliko meza na viti vyote, kwa hiyo isisajiliwe kwa jina la mbia mmoja bila maandishi.

Kuhusu mke wa mbia kushika fedha, kasoro haiko kwake. Kasoro ni kwamba mbia mwingine akitaka kuuliza salio anaonekana anamtuhumu shemeji. Swali la kawaida la biashara limegeuka kuwa neno la nyumbani, basi haliulizwi, na miezi inapita. Dawa ni kuondoa haja ya kuuliza. Fedha zote ziingie kwa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara, kutoa fedha kuwe na saini mbili, na mmoja wa wenye saini asiwe katika ile ndoa. Kila Jumatatu taarifa ya wiki itumwe kwa wote bila kuombwa: kilichoingia, kilichotoka, salio, nani anadaiwa. Mke asiidhinishe malipo ya mumewe, wala mume ya mkewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishamaliza.

Jambo la ndoa lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Kama mke amefanya kazi ofisini miaka kadhaa bila mkataba wala mshahara, ana hoja nzuri kwamba juhudi zake ziko ndani ya sehemu ya mumewe kwenye studio. Na ana haki. Mpeni mkataba na mshahara, ijulikane analipwa kama mtumishi, na sehemu ya ubia ijulikane ni ya nani.

Huyo mdogo mtu ni mwajiriwa, sheria haiangalii mmezaliwa tumbo gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa angalau 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na sherehe zetu zote zinaishia huko. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 20% ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10%. Kinachotokea kwa ndugu ni kwamba analipwa "ya vocha", analala kwa kaka yake, anakula kwa kaka yake, na wote wanaona ameshalipwa. Miaka miwili baadaye anafukuzwa kwa hasira ya nyumbani. Akiwa amezidisha miezi 6 kazini anaweza kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwajiri hana hata karatasi moja ya kujitetea.

Mpimeni kwa kazi, na anayempima asiwe kaka yake. Vipimo vipo: video imekabidhiwa siku iliyoandikwa au la, marekebisho mangapi yametokana na makosa yake na mangapi ni matakwa ya mteja, sauti imepasuka au haijapasuka. Mbia asiye ndugu yake ndiye asaini likizo, mshahara na karipio.

---

vikapu_kihesa:

Mimi niko upande wa sanaa za mikono, vikapu vya milulu na vitambaa, lakini ugonjwa ni uleule na unaitwa mali kauli. Binamu yuko Dar es Salaam, ana duka, anachukua vikapu 100 kwa neno. Akiuza vizuri anatuma kidogo na kuomba vingine 100. Baada ya miezi sita hakuna anayejua vilivyouzwa, vilivyopo na vilivyogawiwa kama zawadi. Kikundi cha akina mama kule kijijini kimeshafuma na kinasubiri.

Utaratibu unaofanya kazi: hati ya kupeleka mzigo yenye ukubwa wa kila kikapu na bei ya kila ukubwa, nakala mbili, saini pande zote. Mzigo wa kwanza usizidi thamani ambayo kikundi kinaweza kuipoteza bila kuvunjika. Mzigo wa pili hauondoki mpaka angalau 80% ya wa kwanza imelipwa au imerudi. Hesabu ya kimwili kila siku 30, na binamu atume picha za rafu. Akina mama walipwe wanapoleta kikapu, si kinapouzwa Dar, kwa sababu wao hawakumchagua binamu.

Hapa hakuna aliyesema lingine, nalo linaniuma kuliko fedha: marafiki hawakuambii kazi yako imechuja. Ofisi inayohudumia watu wanaoipenda inabaki na mitindo ileile, kadi zilezile za maua, maandishi yaleyale ya dhahabu, na kila mtu anasifu. Mteja wa hoteli au shirika anapofungua kazi zenu anaona kitu kimoja kimerudiwa. Tafuteni mtu wa fani msiye na undugu naye, wa Iringa au Dodoma au popote, mlipeni mara mbili kwa mwaka apitie kazi 20 mlizozichagua na 20 alizozichagua yeye mwenyewe. Azikosoe kwa maandishi.

Tena angalieni wateja wa ofisi mnaowapata kupitia rafiki aliyeko ndani. Akihamishwa kwenda Songea au Sumbawanga kazi inahama naye, maana pale ofisini hakuna mwingine anayewajua. Kila kazi ya namna hiyo hakikisheni barua ya kuagiza imetoka kwa ofisi, nakala kwa watu wawili, na mliomba kazi kwa bei ya wazi kama waombaji wengine. Ofisi inapolipa huduma itakata kodi ya zuio 5%. Daini cheti chake, rafiki au si rafiki, la sivyo mtailipa tena mwisho wa mwaka.

---

mafiati_picha:

Swali la mwisho. Karatasi naikubali. Lakini unampelekeaje mzee wa ukoo au mchungaji karatasi ya kusaini bila kuonekana umemvunjia heshima? Huku kwetu jambo hilo linaweza kukufungia milango zaidi ya deni lenyewe.

---

kamera_tukuyu:

Asipeleke anayehusiana naye. Ofisi ya watu wanne inaweza kuamua kwamba mwenye undugu na mteja anapokea salamu, anamkaribisha, anamweleza kazi, kisha mambo ya bei na karatasi yanamalizwa na mwingine. Mzee hatabishana bei na kijana asiye wake, na wewe hutalazimika kumkatalia baba mdogo mbele ya watu.

Kwa wazee karatasi isiwe na sura ya mkataba wa mahakamani. Iite "Maelezo ya kazi ya sherehe", ianze na jina la familia na tarehe, kisha mtakachowafanyia, na malipo yawe chini. Isomeni kwa sauti mbele yake badala ya kumkabidhi akasaini. Asaini mweka hazina wa kamati, ambaye hata hivyo anahitaji karatasi ya kuwaonyesha wachangiaji. Kwa mchungaji apelekewe mwenyekiti wa kwaya au katibu wa usharika, kwa kuwa wao wana bajeti na muhuri.

Kama kuna mtu mnataka kumfanyia bure kabisa, mfanyieni, ila andikeni ankara ya bei kamili yenye punguzo la 100%, na ofisi iwe na idadi yake kwa mwaka, tuseme kazi mbili, zilizokubaliwa na wabia wote mwezi Januari. Zikiisha, zimeisha mpaka mwakani.

---

hesabu_gangilonga:

Naongeza kwenye hizo mbili: ziingizeni kwenye bei za wengine tangu mwanzo. Kazi mbili za bure kwa gharama ya 430,000 ni 860,000. Kazi zinazolipwa zikiwa 38, kila moja iongezwe karibu sh 22,630. Mkiweka bei 625,000 badala ya 600,000 mmeshazigharamia. Na punguzo la familia liwe na safu yake kwenye daftari, tofauti na matumizi mengine, ili mwezi wa Desemba mjumlishe na mbia mwenye shemeji wengi aone sehemu yake imetumika kiasi gani. Kama upande mmoja umezidi, ukatwe kwenye mgao wake wa faida. Hilo nalo liwemo kwenye zile kurasa mbili tatu za ndugu wa Njombe.